Tamko na Maana: Matumizi ya Mafaili ya Vichwa ya C katika Lugha za Kompyuta Zinazokompailiwa Papo kwa Papo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna lugha ya kompyuta inayokompailiwa papo kwa papo inavyoweza kuyasoma mafaili ya vichwa ya lugha C na hivyo kuziita fanksheni za maktaba zilizokwisha kuandikwa kwa C. Mfano mkuu ni LuaJIT ikitumiwa pamoja na Foma, maktaba ya uchanganuzi wa mofolojia. Inadaiwa kwamba faili la kichwa hutoa sarufi ya maumbo tu, na kwamba mambo ambayo faili hilo haliyasemi yanaweza kuiharibu data ya isimu bila ya mtafiti kutambua.

1.0 Utangulizi

Uchanganuzi wa Kiswahili kwa kompyuta si jambo geni. Kimmo Koskenniemi aliiweka bayana nadharia yake ya mofolojia ya ngazi mbili mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, na mwaka 1992 Arvi Hurskainen alichapisha maelezo ya namna nadharia hiyo inavyoweza kukichanganua Kiswahili. Tangu wakati huo vyombo vya namna hii vimeongezeka. Mojawapo ni Foma, iliyotungwa na Mans Hulden na kuelezwa kwa wanataaluma mwaka 2009. Foma hukusanya kanuni za kimofolojia na kuzigeuza kuwa mashine za hali zenye kikomo, na imeandikwa kwa lugha C.

Hapo ndipo linapozuka tatizo tunalokusudia kulijadili. Wanaisimu wengi hawaandiki C, wala si lazima waiandike. Wanapendelea lugha nyepesi ambazo huandikwa leo na kujaribiwa leo hii hii. Baadhi ya lugha hizo, kama vile Julia, au Lua ikiendeshwa na LuaJIT, hukompailiwa papo kwa papo, na kwa hiyo wepesi wa kuandika hauleti uzito wa kutenda. Swali ni hili: mwanaisimu anayeandika kwa Lua ataziitaje fanksheni za Foma, ambazo zimekwisha kugeuzwa kuwa msimbo wa mashine na hazina tena alama yoyote ya kuonyesha zinapokea nini na kurudisha nini? Jibu limo katika faili la kichwa. Hata hivyo, jibu hilo si kamili, na upungufu wake ndio kiini cha makala haya.

2.0 Istilahi za Msingi

2.1 Faili la kichwa

Lugha C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika Bell Labs mnamo mwaka 1972. Programu ya C hugawanywa aghalabu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza lina fasili, yaani maelezo kamili ya kazi ifanywayo na kila fanksheni. Fungu la pili lina matamko, yaani taarifa fupi zinazotaja jina la fanksheni, aina za hoja zake na aina ya tokeo lake. Matamko huwekwa katika faili la peke yake lenye kiambishi tamati .h, na hilo ndilo faili la kichwa.

Tamko kamili linaloorodhesha aina za hoja liliingizwa rasmi katika C kwa sanifu ya Marekani ya mwaka 1989. Kabla ya hapo kompaila haikuwa na njia ya kukagua kama hoja zilizotolewa zinaafikiana na zile zinazotarajiwa. Hata baada ya hapo, fanksheni isiyotamkwa ilidhaniwa kuwa inarudisha namba nzima, na dhana hiyo iliondolewa na sanifu ya mwaka 1999. Haya si mambo ya historia tu. Katika mashine ambayo anwani za kumbukumbu zina biti 64 ilhali namba nzima ya kawaida ina biti 32, dhana hiyo huikata anwani nusu, na programu hupotea njia.

2.2 Kompaila ya papo kwa papo

Kompaila ya kawaida huigeuza programu nzima kuwa msimbo wa mashine kabla ya programu kuanza kutenda. Kompaila ya papo kwa papo hufanya kazi hiyo wakati programu inapotenda. Wazo hili lilijaribiwa kwa mafanikio katika Smalltalk-80 na Peter Deutsch na Allan Schiffman, walioeleza matokeo yao mwaka 1984. LuaJIT, kazi ya Mike Pall iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2005, huanza kwa kuifasiri programu hatua kwa hatua. Inapotambua kwamba njia fulani inapitwa mara nyingi, huiandika njia hiyo upya kwa msimbo wa mashine. Julia, iliyotangazwa mwaka 2012, huikompaili kila fanksheni inapoitwa kwa mara ya kwanza kwa hoja za aina fulani.

Jambo hili lina uzito kwa mada yetu. Kwa kuwa kompaila ipo hai wakati programu inatenda, inaweza kulisoma tamko la C wakati huo huo na kutunga wito wa moja kwa moja kwa fanksheni inayohusika. Hapahitajiki daraja la kuandikwa kwa C kwa kila maktaba.

3.0 Njia za Kulitumia Faili la Kichwa

Njia zinazotumika zaidi ni nne, na zinatofautiana kwa kadiri zinavyolisogelea faili lenyewe.

Njia ya kwanza ni kuyanukuu matamko. LuaJIT ilipata uwezo huu mwaka 2011. Mtumiaji huyachukua matamko kutoka katika faili la kichwa na kuyaweka ndani ya programu yake kama matini, na kichanganuzi cha C kilichomo ndani ya LuaJIT huyasoma. Tazama mfano (1):

(1) ffi.cdef[[
struct fsm;
struct apply_handle;
struct fsm *fsm_read_binary_file(char *filename);
struct apply_handle *apply_init(struct fsm *net);
char *apply_up(struct apply_handle *h, char *word);
]]

Mistari miwili ya mwanzo inataja miundo miwili bila ya kueleza kilichomo ndani yake. Hilo linatosha, kwani mtumiaji hahitaji kuifungua miundo hiyo. Anahitaji kupokea anwani yake na kuikabidhi kwa fanksheni nyingine tu.

Njia ya pili ni kulitafsiri tamko. Katika Julia mtumiaji huandika wito wa C akitaja aina za hoja na za tokeo kwa majina ya Julia yenyewe. Tafsiri hii inaweza kufanywa kwa mkono, au kwa chombo kama Clang.jl, ambacho hulisoma faili la kichwa na kutoa msimbo wa Julia unaolingana nalo.

Njia ya tatu ni kunukuu kisha kuthibitisha. CFFI ya lugha Python, ambayo ilichukua mfano wake kutoka LuaJIT na hutumika pia katika PyPy, inamruhusu mtumiaji kuacha baadhi ya mambo wazi kwa kuweka nukta tatu. Kompaila halisi ya C huitwa mara moja ili kuyajaza mapengo hayo na kukataa yasiyoafikiana na faili la kichwa.

Njia ya nne ni kuibeba kompaila nzima. Cling, iliyotengenezwa CERN juu ya msingi wa Clang na LLVM, hulisoma faili la kichwa lenyewe, pamoja na yote yaliyomo, wakati programu inatenda. Njia hii ndiyo kamili kuliko zote, lakini ni nzito, kwa sababu mtumiaji hulazimika kwenda na kompaila kila aendako.

4.0 Aina za Data na Ngeli

Mwanaisimu anaweza kulielewa tamko la C kwa kulilinganisha na upatanisho wa kisarufi. Tuchunguze sentensi zifuatazo:

(2) Mtoto alikivunja kikombe.
(3) Kikombe mtoto alikivunja.
(4) Hamisi alimpiga Juma.
(5) Juma alimpiga Hamisi.

Katika (2) na (3) mpangilio wa maneno umebadilika, lakini aliyevunja na kilichovunjwa havikubadilika, kwa kuwa viambishi a- na -ki- vinaonyesha ngeli mbili tofauti. Katika (4) na (5) nomino zote mbili ni za ngeli moja. Viambishi havina la kusema, na mpangilio wa maneno ndio unaoamua nani amempiga nani.

Hali ni hiyo hiyo katika C. Fanksheni ya apply_up katika mfano (1) inatarajia hoja mbili za aina mbalimbali: anwani ya muundo, kisha anwani ya herufi. Mtu akizigeuza, LuaJIT hukataa mara moja, kama vile msikilizaji anavyoukataa upatanisho uliovunjika. Sasa tulinganishe na Hunspell, maktaba ya kukagua tahajia iliyotungwa na László Németh. Fanksheni yake ya kuanzisha kazi inapokea anwani mbili: ya faili la viambishi, halafu ya faili la kamusi. Zote mbili ni za aina moja. Mtumiaji akizigeuza, tamko halina uwezo wa kumkanya. Ngeli ni moja; mpangilio ndio unaoamua.

Ulinganisho huu una mipaka yake. Mzungumzaji wa Kiswahili anapoisikia sentensi (4) anaweza kuutumia muktadha, akijua kwamba Hamisi ni mgomvi na Juma ni mpole. Kompaila haina muktadha huo.

5.0 Yasiyosemwa na Faili la Kichwa

5.1 Makro na thamani zisizobadilika

Mafaili mengi ya vichwa yana mistari inayoanza kwa alama ya #. Mistari hiyo si ya C hasa, bali ni maagizo kwa kichakataji cha awali, ambacho huyashughulikia kabla ya kompaila kusoma chochote. LuaJIT haina kichakataji hicho. Kwa hiyo mtumiaji hawezi kulimeza faili zima. Hana budi kuyaondoa maagizo hayo, au kulipitisha faili katika kichakataji cha awali kwanza na kuyachukua matokeo.

Hatari iko katika thamani zinazotolewa kwa #define. Thamani hizo hazimo katika maktaba iliyokompailiwa. Zimo katika faili la kichwa peke yake. Mtu akizinakili kwa mkono, huinakili thamani ya mashine aliyoitumia siku hiyo. Kwa mfano, jina EAGAIN, linalotaja kosa la kutaka kazi ijaribiwe tena, lina thamani ya 11 katika Linux na 35 katika macOS. Programu iliyonakili 11 itatenda sawasawa kwa mwandishi wake na itakosea kwa mwenzake mwenye mashine nyingine. Fanksheni ambazo fasili yake imewekwa ndani ya faili la kichwa nazo huweza kukosekana katika maktaba, na hapo jina lake halitapatikana.

5.2 Ukubwa na mpangilio wa data

Aina iitwayo long ina baiti 8 katika Linux ya biti 64, lakini ina baiti 4 katika Windows ya biti 64. Anayeinukuu long kama ilivyo katika LuaJIT yu salama, kwa kuwa LuaJIT hufuata desturi ya mashine inamotumika. Anayeitafsiri katika Julia kuwa namba ya biti 64 amekosea nusu ya ulimwengu; ilimpasa atumie jina Clong, ambalo Julia imeliweka kwa ajili hiyo hasa.

Hali kadhalika, muundo wenye herufi moja ya baiti 1 ukifuatiwa na namba nzima ya baiti 4 hauna jumla ya baiti 5. Katika mashine nyingi za leo una baiti 8, kwa sababu baiti 3 huachwa tupu ili namba ianzie mahali panapogawanyika kwa 4. Faili la kichwa haliyataji mapengo hayo. Kompaila huyajua kwa desturi, na lugha inayolisoma faili hilo haina budi kuijua desturi hiyo hiyo.

5.3 Umiliki wa kumbukumbu

Turejee katika mfano (1). Neno kaa la Kiswahili lina uchanganuzi usiopungua mitatu: nomino ya mnyama wa pwani, nomino ya kipande cha makaa, na kitenzi. Mtafiti anapomkabidhi apply_up neno hilo, hupewa uchanganuzi mmoja tu. Ili apate unaofuata, huita tena, safari hii akiweka anwani tupu mahali pa neno, na huendelea hivyo mpaka tokeo lenyewe liwe tupu. Hakuna neno hata moja katika tamko linaloeleza utaratibu huo. Mtafiti anayesoma tamko peke yake ataita mara moja, atapata jibu moja, na ataandika katika tasnifu yake kwamba maneno ya Kiswahili yana utata mdogo wa kimofolojia.

Zaidi ya hayo, tokeo linalorudishwa ni anwani ya mahali panapomilikiwa na Foma. Mtafiti anapaswa kuyanakili maandishi yaliyopo hapo, kwa kutumia ffi.string, kabla ya kuita tena. Akizihifadhi anwani badala ya maandishi, mwishowe anaweza kukuta kwamba chanzo chake chote kimefutwa na jibu la mwisho.

Katika LuaJIT lipo pia tego dogo ambalo limewanasa wengi. Anwani tupu huhesabiwa kuwa sawa na nil inapolinganishwa kwa alama ==, lakini ikiwekwa peke yake kama sharti huhesabiwa kuwa kweli. Mzunguko unaoandikwa “while tokeo do” hautakoma pale unapotakiwa ukome. Ni lazima uandikwe “while tokeo ~= nil do”.

Tamko lenyewe nalo lina kikwazo. Hoja ya pili ya apply_up imetamkwa kuwa char *, bila ya neno const, ambalo katika C huahidi kwamba fanksheni haitayabadilisha maandishi. Matini za Lua hazibadiliki, na kwa hiyo LuaJIT hukataa kuzikabidhi pasipo ahadi hiyo. Mtumiaji ana njia mbili. Ya kwanza ni kuinakili matini katika nafasi ya muda iliyoumbwa kwa ffi.new. Ya pili ni kuliongeza neno const katika nukuu yake, na hapo amekwisha kuacha kunukuu na kuanza kutoa ushahidi kwa niaba ya mwandishi wa maktaba. Njia ya kwanza ni bora, ila nafasi hiyo ya muda ibaki imeshikwa na kigeu mpaka uchanganuzi wote upatikane. La sivyo mfagiaji wa kumbukumbu wa Lua anaweza kuiondoa wakati Foma ingali inaihitaji.

5.4 Herufi

Aina iitwayo char hutafsiriwa kwa urahisi kuwa herufi, na tafsiri hiyo inapotosha. Char ni baiti moja. Herufi nyingi za Kiswahili sanifu zinaenea katika baiti moja moja, na ndiyo maana tatizo hili huchelewa kuonekana. Lakini tuliangalie neno ng'ombe. Likiandikwa kwa alama ya kawaida ya kibodi, lina baiti 7. Likiandikwa kwa alama iliyopinda, ambayo programu nyingi za uandishi huiweka zenyewe, lina baiti 9 katika usimbaji wa UTF-8, kwa kuwa alama hiyo peke yake huchukua baiti 3. Kwa jicho ni neno lilelile. Kwa mchanganuzi ni maneno mawili, na la pili halimo katika leksikoni yake. Maneno yote yenye ng' yataripotiwa kuwa hayajulikani, na fonimu nzima ya Kiswahili itapotea katika hesabu. Katika Kiswahili cha hati za Kiarabu kila herufi huchukua baiti 2, na hapo hesabu yoyote ya urefu wa neno kwa kutumia char huwa mara mbili ya ukweli.

Tena, C haisemi kama char ina alama ya hasi au haina. Baiti ya kwanza ya alama iliyopinda ni 226 mahali ambapo char haina hasi, na ni -30 mahali ambapo inayo. Katika Linux, mashine za x86 hufuata desturi ya pili na mashine za ARM desturi ya kwanza. Faili la kichwa ni moja. Majibu ni mawili.

6.0 Mjadala

Wapo wanaoshikilia kwamba faili la kichwa linatosha, kwa kuwa ndilo pekee linalosomwa na mashine bila ya tafsiri ya binadamu. Tunakubali sehemu ya kwanza ya hoja yao: nukuu sahihi ya faili la kichwa huzuia makosa mengi ambayo tafsiri ya mkono huyaleta. Hatukubali kwamba inatosha. Tamko ni sarufi ya maumbo: linaonyesha idadi ya hoja, aina zake na mpangilio wake. Mambo ya nani anamiliki nini, kwa muda gani, kwa usimbaji upi na kwa utaratibu upi wa kuita, ni mambo ya pragmatiki, na makazi yake ni katika mwongozo wa maktaba na katika msimbo chanzi.

Tofauti hii ni muhimu kwetu kuliko kwa mhandisi. Programu ya mhandisi ikikosea, aghalabu huanguka, na kuanguka ni ushahidi. Mchanganuzi wa mofolojia akikosea kwa namna tulizoziona katika 5.3 na 5.4, haanguki. Hutoa jedwali safi lenye namba zinazosomeka, na namba hizo huingia katika tasnifu na kunukuliwa na wengine.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba lugha inayokompailiwa papo kwa papo humpa mwanaisimu njia fupi ya kuzifikia maktaba za C, na kwamba faili la kichwa ndilo mlango wa njia hiyo. Yapo mambo matatu ambayo yafaa yawe desturi katika tasnifu zinazotumia njia hii. Kwanza, toleo la maktaba na la faili la kichwa litajwe, pamoja na mashine iliyotumika na kila badiliko lililofanywa katika matamko. Pili, ukubwa wa kila muundo unaofunguliwa ulinganishwe na ule unaotolewa na kompaila ya C yenyewe. Tatu, kabla ya kuichanganua kopasi nzima, mchanganuzi ajaribiwe kwa orodha fupi ya maneno ambayo majibu yake yanajulikana, na orodha hiyo isikose neno lenye uchanganuzi zaidi ya mmoja wala neno lenye ng' kwa tahajia zake zote mbili. Kazi hiyo haichukui zaidi ya alasiri moja, na mtahini anayo haki ya kuiulizia.